Chupa Iliyocheua

Na ijulikane kwa walimwengu wote, wa nchi kavu na wa majini, kwamba siku ya pili ya mwezi wa Aprili, katika mji wetu wa watafiti ulio ukingoni mwa mto Oka, sheria ya nchi ilivuka kizingiti cha shule yetu ya bweni. Ilivaa buti zenye tope la theluji inayoyeyuka. Ilikuja kuchunguza kifo. Marehemu alikuwa mheshimiwa mwenye paji pana la uso, mtaratibu, aliyependwa na walimu na wanafunzi, na maisha yake yote hakuwahi kumjibu mtu vibaya.

Alikuwa samaki.

Samaki wa dhahabu, kusema kweli, mkubwa kama kiganja, jina lake Akademik kwa sababu ya uvimbe wa kichwani uliofanana na upara wa msomi. Lakini kufa ni kufa. Shangazi Shura, mlinzi wa mlango wa bweni, ambaye alimlisha tangu akiwa mdogo kama njegere, hakumpigia simu daktari wa mifugo. Aliwapigia polisi.

Polisi wakamtuma Kapteni Taisiya Lvovna Berezhnaya, inspekta wa masuala ya watoto. Kila mtundu wa mji wetu anamjua, na yeye anamjua kila mtundu kwa jina, kwa jina la baba na kwa jina la utani. Ni mwanamke mfupi mwenye uso wa mpishi. Mfuko mmoja wa koti lake umejaa mbegu za alizeti. Humenya kwa meno ya mbele, na maganda huyatia kwenye mfuko wa pili, kama ushahidi.

Mimi, mwandishi wa kisa hiki, nilikuwa zamu siku hiyo. Kazi ya mwenye zamu ni kufuta ubao, kumwagilia maua na kupokea wageni. Nikampokea.

"Karibu, Ndugu Kapteni. Mwenye zamu, Galkin."

"Galkin," alisema, kama mtu anayeonja supu na kukumbuka iliwahi kumsokota tumbo. "Platon Galkin. Wewe ndiye uliyemvalisha mtu wa theluji suruali ya mwalimu wa michezo."

"Mtu wa theluji alikuwa anaona baridi, Ndugu Kapteni."

"Na mwalimu?"

"Naye pia. Baadaye kidogo."

Hakucheka. Alinitazama, akamenya mbegu moja. "Haya. Tangulia."

Nikatangulia ngazini, kifua mbele. Siku nzima, kila tulipotoka chumba hiki kwenda kile, aliniambia hivyohivyo: tangulia, Galkin. Nilidhani ni heshima.

Sasa niseme yaliyotokea jana yake, kwa sababu samaki hakufa peke yake. Siku hiyohiyo ilikufa pia chupa.

Mwenye chupa alikuwa Rimma Sharipova wa darasa letu, msichana wa Kitatari kutoka kijiji cha mbali kando ya mto Kama, mpole, mwenye tabia ya kusahau kula akiwa na kazi. Kipindi chote cha baridi alishughulika na mmenyuko mmoja wa ajabu. Unachanganya dawa zako, na maji yanakuwa mekundu. Unangoja. Ghafla yanageuka buluu. Unadhani mambo yamekwisha, kama mambo yote ya kemia yanavyokwisha. Hapana. Yanarudi kuwa mekundu, kisha buluu, kisha mekundu, kama moyo unaopiga ndani ya kioo. Mzee mmoja wa Moscow aliyeyaona hayo kwanza aliambiwa na wahariri kwamba hayawezekani, wakamrudishia makala yake. Rimma alipenda sana kisa hicho. Hakujua kwamba kitamkuta.

Maana tarehe mosi ilikuja tume kutoka taasisi ya utafiti, kuchagua mwanafunzi mmoja wa kufanya kazi kwenye maabara yao majira ya joto. Rimma aliwaambia chupa yake itapiga saa nzima. Ikageuka buluu mara moja, mara ya pili kwa kusitasita, kisha ikabaki nyekundu, imetulia tuli kama supu ya bitiruti iliyopoa.

"Jana usiku ilikuwa inapiga!" Rimma alisema. "Naapa, ilikuwa inapiga!"

Na tume ikacheka. Kwetu tarehe mosi Aprili haaminiwi mtu. Ukisema nyumba inaungua, watu wanakupongeza. Utani mkongwe kuliko wote ni ule wa kumwambia mwenzako, "Mgongo wako wote mweupe!" ili ageuze shingo kama bundi na wewe ucheke. Siku hiyo niliambiwa hivyo na watu chungu nzima, na sikugeuka hata mara moja. Mjanja hageuki. Basi na tume nayo haikutaka kugeuka: mzee mmoja alipiga makofi, akasema, "Safi sana, binti, umetupata." Rimma alipoanza kulia ndipo walipojua hataniwi mtu.

Jioni Akademik akakutwa tumbo juu; wenzake wadogo walinusurika. Mkurugenzi wa shule, ambaye ni mtu wa hisabati, akajumlisha. Rimma aliidanganya tume. Rimma alipoaibika alimwaga asidi yake ndani ya tangi la samaki kwa hasira. Jumla yake: Rimma arudi kijijini kwao kesho, kwa basi la alasiri.

Hayo ndiyo Kapteni Taisiya aliyoyakuta.

*

Marehemu alilazwa ndani ya kopo la chai, juu ya leso yenye maua ya buluu. Shangazi Shura alilishika kopo kwa mikono miwili.

"Ulimwona lini akiwa mzima?" Kapteni aliuliza.

"Mchana, mwanangu. Nilipita maabara kufuta sakafu baada ya wale wakubwa. Nikawaona samaki wote wamepanda juu, wanapigapiga midomo. Nikasema wana njaa. Nikawarushia chakula." Alilifuta kopo kwa kiganja. "Hawakula. Mungu anisamehe, nilidhani wananiringia. Nikawaambia, basi shindeni na njaa."

Niliona vyema kuusaidia uchunguzi. "Ndugu Kapteni, shuleni kuna paka. Anaitwa Integrali. Ana historia."

"Paka anaua samaki kisha anamwacha?"

"Labda alishiba."

"Galkin," alisema Shangazi Shura kwa huzuni, "Integrali hana meno."

Kapteni hakuandika chochote. Alisema tangulia, tukaenda maabara.

Maabara yetu ya kemia ndicho chumba chenye joto kuliko vyote, ndiyo maana tangi la samaki liko humo, dirishani. Katikati kuna meza ya maonyesho. Kati ya meza na dirisha, ukutani, limesimama kabati kubwa la mwaloni ambalo halijasogezwa tangu lilipoletwa. Mwalimu wetu wa kemia, Valerian Karlovich, mrefu, mwenye mabega yaliyoinama kama hanga la nguo, alitungoja akiwa amefumbata mikono.

"Mwalimu," Kapteni alisema, "una ile karatasi ya kupimia asidi?"

"Litmasi. Nimeshaileta, lakini mkurugenzi hakutaka kuingoja."

Alichovya ukanda wa buluu ndani ya tangi. Ukatoka buluu. Akachovya kwenye kona nyingine, chini karibu na mchanga. Buluu.

"Hamna asidi humu," alisema taratibu.

"Na konokono wale?" Kapteni alionyesha kwa ganda la mbegu. Konokono wa majini walikuwa wamejipanga juu kabisa ya kioo, nusu nje ya maji, wazima wa afya. "Sumu ingeanza na hao. Hawa hawakulishwa sumu. Hawa walihama." Alimgeukia Shangazi Shura. "Nyumbani kwenu walivua kwenye barafu?"

"Marehemu mume wangu. Kila Jumapili. Alirudi na baridi yabisi tu."

"Mimi navua mpaka leo. Bwawa likifungwa na barafu nene muda mrefu, ukitoboa tundu, samaki wanakuja wenyewe. Midomo juu. Huhitaji hata ndoano. Mjinga atasema wana njaa."

"Wanataka hewa," Valerian Karlovich alisema.

"Samaki wako walikosa hewa, Shangazi. Hawakukuringia."

Shangazi Shura aliweka mkono kinywani. Mimi nilitazama maua niliyopaswa kuyamwagilia. Yalikuwa na maji ya kutosha.

"Lakini pampu ilikuwa inafanya kazi!" Shangazi alisema. "Niliisikia mwenyewe. Ile pale, nyuma ya kabati, inacheua kama babu aliyekunywa kvasi yenye povu. Sikiliza."

Tukasikiliza. *Bwu. Bwu-bwu. Bwu.* Pampu ya hewa ya samaki ni ya zamani, na kila mtu shuleni anaijua sauti yake. Viputo vyake hutoka kwa mafungu, vikubwa, vya ovyo.

"Na viputo majini uliviona jana?"

"Vilikuwepo, mwanangu! Tena vidogovidogo, mfululizo, kama uzi wa shanga. Vizuri kuliko siku zote. Nilisema, angalau pampu imepona."

Kapteni aliacha kumenya. Mbegu ilibaki kati ya meno yake. Nilijua papo hapo kwamba Shangazi Shura alikuwa amesema jambo kubwa, na nadhani nilikuwa mtu wa pili duniani kulijua.

*

"Mwalimu, nieleze chupa ya Rimma kama unavyomweleza mama yako."

"Mama yangu ni mkemia."

"Basi kama unavyonieleza mimi."

Valerian Karlovich alivua miwani. "Mchanganyiko lazima ukorogwe. Kikorogeo chetu cha umeme kiliungua Januari. Taasisi ikatuazima mtungi wa gesi ya nitrojeni, ule mweusi nyuma ya kabati. Tunapitisha mpira kutoka mtungini mpaka kwenye chupa, viputo vinapanda, maji yanajikoroga. Nitrojeni haina tabia. Haiungui, haichomi, haigusi kitu. Hapa ni mwiko tu, Ndugu Kapteni. Mwiko wa gesi."

"Kwa hiyo kama mwiko haukuharibu, nani kaharibu?"

"Dawa. Niliwaza hivyo. Bromati yetu ni ya zamani, na kwa kuwa ni chache, Rimma anaizimua sana. Labda ilikuwa imekufa."

"Ilikufa usiku mmoja?"

Mwalimu alianza kufuta miwani kwa kona ya koti.

"Jana, mbele ya tume, chupa ilikuwa na sauti gani?"

"Sauti?" Alifikiri, akaona haya. "Ilikuwa... inacheua. Nilidhani ni tumbo la mwenyekiti wa tume."

"Siku nyingine huwa inacheua?"

"Nitrojeni hupita kimya. Kama uzi."

"Kama uzi wa shanga," Kapteni alisema. "Galkin. Kamlete Rimma."

Nilimkuta Rimma bwenini, amekaa kitandani pembeni ya sanduku lake la kahawia, koti limefungwa vifungo mpaka shingoni ingawa ndani kulikuwa na joto. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Umekuja kunifanyia utani gani, Galkin?"

"Kapteni anakuita. Akupe nafasi ya kuonyesha tena."

"Ili mnicheke tena?"

Ningeweza kusema pale. Chumba kilikuwa na watu wawili tu, na mmoja wao alijua. Badala yake nilisema, "Nitakubebea sanduku," na nilitaka kulibeba kwa moyo wote, kana kwamba sanduku lile ndilo lililokuwa zito. Rimma alinitazama kwa mshangao. "Asante," alisema. Afadhali angenizaba kofi.

*

Rimma alipima kila kitu mara mbili, kisha akamimina. Dawa zilezile, chupa ileile, maji mekundu yaleyale. Kapteni alifungua mtungi mwenyewe. Viputo vikapanda kimya.

Tukangoja. Nyekundu. Nyekundu. Halafu, kama mtu aliyevuta pumzi, buluu.

Shangazi Shura alifanya ishara ya msalaba, akaona haya mbele ya sayansi, akajifanya anakuna bega. Nyekundu tena. Buluu. Iliendelea kupiga kwa utulivu, nasi tukasimama pale kama watu wanaomtazama mtoto mchanga amelala.

"Bromati haijafa," Kapteni alisema. "Sasa, mwalimu, ondoa mpira wa nitrojeni kwenye chupa. Weka wa pampu ya samaki."

"Lakini ni hewa tu. Viputo ni viputo..."

"Ndivyo na mwingine alivyofikiri. Weka."

*Bwu*, chupa ikacheua. *Bwu-bwu.* Ilikuwa sauti ya jana kabisa. Valerian Karlovich alifumba macho. Ikageuka buluu mara moja. Mara ya pili ilichelewa sana, na buluu yenyewe ikawa ya kupauka. Kisha nyekundu. Nyekundu. Shangazi Shura aliiambia, "Haya, mama, haya," kama anavyowaambia watoto wagonjwa. Haikumsikia.

Rimma hakulia safari hii. Alikuwa ameinama, pua inakaribia kugusa kioo.

"Oksijeni," alisema. "Mwalimu, ni oksijeni ya kwenye hewa! Ndani ya chupa kuna vipande vinavyozaliwa na kufa haraka, ndivyo vinavyougeuza mmenyuko. Oksijeni inavinyakua njiani. Na mimi nimezimua dawa, vipande ni vichache, kwa hiyo vyote vinaliwa. Nitrojeni haikuwa mwiko. Ilikuwa mlango. Ilikuwa inaizuia hewa isiingie!" Alichomoa mpira wa pampu, akarudisha wa nitrojeni bila kuomba ruhusa. "Subirini."

Tukasubiri. Muda ulipita ambao sitausahau. Kisha ile supu ya bitiruti ikatikisika, na buluu ikapanda kutoka chini.

"Kipindi chote cha baridi," Valerian Karlovich alinong'ona, "nimefundisha kwamba ni mwiko."

"Basi jana," Kapteni alisema, "hewa iliyokuwa ya samaki ilikwenda kwenye chupa, na nitrojeni iliyokuwa ya chupa ikaenda kwa samaki. Chupa ikashiba hewa ikafa. Samaki akakosa hewa akafa. Ni kesi moja, si mbili. Galkin, wewe ni mwembamba. Hapana, kaa hapohapo. Nitachungulia mwenyewe."

Aliwasha tochi, akaingiza kichwa kati ya kabati na ukuta. Nyuma kule mipira miwili imepita pamoja, yote myekundu, yote ya duka la dawa, kila mmoja umeungwa katikati kwa kipande cha kioo. Kuibadilisha ni kazi ya kuvuta na kuchomeka. Kazi ngumu ni kufika: nafasi yenyewe inamtaka mtu apite ubavu, amejibana ukutani. Na ukuta wetu umepakwa chokaa.

"Chokaa imekwanguliwa," sauti ya Kapteni ilitoka nyuma ya kabati. "Kwa upana wa mtu. Mara mbili: kuingia kubadilisha, na baadaye kuingia kurudisha." Alitoka, akajipangusa bega. Hakunitazama. Nilishukuru kwa hilo, mjinga mimi.

Valerian Karlovich alikimbilia kwa mkurugenzi. Alirudi polepole.

"Amesema ni onyesho zuri. Amesema pia kwamba anayejua zaidi habari za mipira ile ni Rimma mwenyewe, na mtu aliyeona kazi yake itashindwa anaweza kujitengenezea kisingizio. Anataka jina. Akipewa jina, Rimma atabaki, na tume ataiita tena yeye mwenyewe. Asipopewa, basi la alasiri ni la alasiri."

"Mimi nilikuwa napiga pasi gauni!" Rimma alisema. "Asubuhi yote mlango ulikuwa wazi. Angeweza kuingia yeyote."

"Yeyote," Kapteni alisema, "si jina."

*

Alimhoji Shangazi Shura kwenye kibanda chake cha mlangoni, penye birika na sahani ya mikate midogo ya kabichi. Kopo la chai lilikuwa juu ya redio. Mimi nilisimama mlangoni, kama mwenye zamu.

"Jana asubuhi, kabla ya tume, uliona mtu yeyote mwenye chokaa?"

"Mwanangu, jana kila mtu alikuwa na mgongo mweupe! Nimeambiwa mimi, nimewaambia wao, mpaka mkurugenzi aligeuka kutazama, masikini." Akalifunika birika. "Ila mmoja ulikuwa mweupe kweli."

"Wa nani?"

"Sikuona uso. Alikuwa anapanda ngazi mbio, na sare zote ni moja. Nikamwita, 'We mtoto, mgongo wako mweupe!' Kwa wema tu, apanguse kabla wageni hawajamwona. Akapiga kelele bila kugeuka, 'Heri ya tarehe mosi, Shangazi!' Akapotea. Sauti za wavulana siku hizi zinavunjika zote pamoja, huwezi kujua ya nani."

"Hakugeuka."

"Hakugeuka. Si alidhani namtania?"

Kapteni alichukua mbegu, akaitazama, akairudisha mfukoni.

"Na wewe mbona umesawajika hivyo, Platosha?" Shangazi Shura aliniambia. "Unamlilia Akademik? Mtoto ana moyo huyu, Ndugu Kapteni, watu hawamjui." Alichagua mkate mkubwa kuliko yote, akanitia mkononi na kunifumba vidole juu yake. "Kula. Yeye alikupenda. Alikuwa anakuja kiooni ukipita."

Niliuma. Kabichi ilikuwa na ladha ya chokaa. Nilitafuna muda mrefu sana, kwa sababu kinywa kikiwa kimejaa hakuna anayekutegemea useme.

*

Basi husimama mbele ya lango letu. Sanduku la Rimma nililibeba mimi mpaka ukumbini, nikaliegemeza kwenye ubao wa ukutani. Valerian Karlovich alikuja amevaa kofia, kana kwamba anaondoka yeye. Shangazi Shura alileta mikate ndani ya gazeti.

"Jina sijalipata," Kapteni Taisiya alisema. Aliyasema hayo kwa sauti ya kawaida kabisa. "Basi tukae kidogo kabla ya safari, kama desturi."

Hata asiyeamini kitu hukaa kabla ya safari. Mtu akiondoka bila nyumba kukaa naye kimya kidogo, njia itamgeuka. Valerian Karlovich alikaa kwenye kiti cha zamu, Shangazi Shura kwenye ndoo aliyoipindua, Kapteni kwenye ngazi. Rimma alikaa kwenye benchi. Mimi nilikaa sakafuni, nikaegemea sanduku lake la kahawia.

 Kutoka juu, kupitia mlango wa maabara uliosahauliwa wazi, ilisikika pampu. *Bwu. Bwu-bwu.* Rimma alikuwa anahesabu kitu kwa midomo, bila sauti. Nadhani alikuwa bado anaihesabu chupa yake, nyekundu na buluu, asije akasahau mpaka afike Kama. Mashavu yake yalikuwa makavu. Nilitamani alie. Nje honi ya basi ililia.

"Haya," Valerian Karlovich alisema, kama tunavyosema sote wakati huo, na tukainuka.

Kapteni hakuinuka. Alikuwa anatazama sanduku. Kwenye ngozi yake ya kahawia, pale nilipoegemea, palikuwa na alama pana, nyeupe kama unga.

"Galkin," alisema. "Mgongo wako mweupe."

Nilicheka. Naapa, nilicheka, shingo yangu ilikuwa imezoea. "Ndugu Kapteni, leo ni tarehe mbili."

"Ndiyo maana nakwambia."

 Nilivua koti. Nililigeuza. Kuanzia mabegani mpaka kiunoni lilikuwa limepakwa chokaa, tabaka juu ya tabaka, kuingia na kurudi. Nililivaa siku nzima jana, na leo siku nzima nikatanguliatangulia nalo mbele ya sheria.

"Ulijua tangu lini?" niliuliza.

"Tangu ngazi ya kwanza nilijua umeegemea ukuta. Nyuma ya kabati nilijua ni ukuta gani. Tangu hapo nilikuwa nakungoja useme mwenyewe." Alisimama, akapangusa sketi. "Nilikungoja kwenye kibanda. Nilikungoja hapa tulipokaa. Basi limefika, Galkin. Siwezi kukungoja zaidi."

Rimma alikuwa amegeuka. Ningependa kuandika kwamba nilisema kwa ujasiri. Nilisema kwa sauti ya panya aliyekanyagwa.

"Ni mimi."

"Kwa nini?" Rimma aliuliza. Hakupaza sauti. "Nilikukosea nini?"

"Hukunikosea. Nilitaka chupa icheue. Basi. Mbele ya tume, wakati wamenyamaza wote wamekunja sura, nilitaka ifanye *bwu*. Nilijua watacheka, na wewe ungecheka, na baada ya hapo ingeendelea kupiga. Mwalimu alisema ni mwiko tu. Nikadhani viputo ni viputo. Iliposimama nilingoja Shangazi amalize kufuta sakafu, nikaenda kurudisha mkiwa bado nje, wenzako wanakubembeleza. Nilitaka kusema. Kisha wakasema ni wewe, nikaogopa zaidi. Kadiri nilivyochelewa ndivyo ilivyozidi kuwa ngumu."

"Hakuna aliyecheka," Rimma alisema.

"Najua. Nilikuwepo."

Valerian Karlovich aliniangalia kama anavyoangalia kipimo kilichovunjika: bila hasira, akihesabu hasara. Kisha akavua kofia, akainama, akalinyanyua sanduku la Rimma lenye alama yangu, na akaanza kupanda nalo ngazi kurudi juu. Rimma alimfuata. Kapteni alitoka nje kumwambia dereva aondoke.

"Ukimaliza hapa, tunakwenda kwa mkurugenzi," aliniambia akipita. "Safari hii nitatangulia mimi."

Kumaliza nini, hakusema. Hakukuwa na haja. Shangazi Shura alikuwa bado amesimama kando ya ndoo yake, mikate ndani ya gazeti kifuani. Alikuwa akinitazama kama mtu anayesoma saa iliyosimama.

"Na Akademik?" aliuliza. "Na yeye, Platosha?"

Hilo ndilo nililolikimbia siku nzima, kuliko basi, kuliko mkurugenzi.

"Na yeye, Shangazi. Ni mimi."

Aliweka mikate chini. Alininyang'anya koti mkononi, akalikung'uta mara moja, mara mbili, vumbi jeupe likajaa kati yetu. Kisha akanivalisha kama mtoto mdogo, akanigeuza kwa mabega, akaanza kunipangusa mgongo kwa kiganja. Alipangusa kwa nguvu. Alipangusa mpaka nilijua chokaa imekwisha, na bado hakuacha.